Wateja Thelathini na Wanane wa Iga

...maana kuandika défavorable, yaani hapana, ni kazi ya kufumba na kufumbua, herufi kumi na moja, muhuri, basi, mama anakwenda zake na yeye Marcellin anakwenda kula, lakini kalamu imekataa kushuka, iko pale pale hewani juu ya kisanduku cha avis, mahali pa kusema mkopo utoke au usitoke, kisanduku kidogo cha kutosha neno moja tu, na ng'ambo ya meza mama Hélène ameingiza mkono mzima na nusu ya kichwa ndani ya mfuko wake, ile mifuko mikubwa ya mistari ya bluu na nyekundu ambayo Bunia nzima imewahi kukimbia nayo, anatafuta telefone, "Ngoja, chef, iko humu, miye mwenyewe niliitia humu asubuhi, nikuonyeshe picha ya ile mali mbele ya kuandika," na badala ya telefone zinatoka soksi, jozi moja, jozi mbili, unatoka utepe wa kupimia, inatoka chaja isiyo na telefone, anavipanga vyote juu ya meza ya koperative kana kwamba yuko sokoni, na Marcellin anaziangalia zile soksi nyeupe za watoto na kumwomba kimoyomoyo, tafuta mama, tafuta polepole, usiione haraka, kwa sababu ukishaiona mimi sina pa kujificha tena, itabidi niandike... Aandike nini lakini, aandike kwamba duka halipo? Na kweli duka halipo, ndilo jambo lililomshinda directeur Lambert tangu siku ya kwanza, Lambert mwenye kupenda vitu vya kushika, "Mulango iko wapi? Kufuli iko wapi? Kesho mama akikataa kulipa tutakamata nini, tutakamata groupe ya WhatsApp?" na wafanyakazi wote wakacheka, na Marcellin naye akacheka, aibu yake, ilhali alikuwa ameshafika Bigo nyumbani kwa mama Hélène na kuliona duka lenyewe kwa macho yake, chumba kimoja, kamba ya kutundikia nguo, ukuta uliopakwa chokaa ili picha zitoke safi, telefone mbili, na nje Fiston taximan amekaa juu ya moto yake, pikipiki ya teksi, anangoja kutumwa, basi, hilo ndilo duka, mama anapiga picha, anaitia kwenye groupe, watu wanaagiza, Fiston anapeleka, mteja anashika kitambaa, anakivuta, anakinusa, anakiinua juani, ndipo anatoa feza, maana hapa hayuko mtu wa kulipia kitu ambacho mkono wake haujakijua, na asipokipenda Fiston anakirudisha bila ugomvi, miaka mitatu hivyo, bila mlango, bila kufuli, na hakuna aliyewahi kukimbia na hata soksi moja.

"Au niliiacha kwa Fiston? Hapana. Iko humu, naisikia chini," mama Hélène anasema akiwa ndani ya mfuko, na Marcellin anaitikia mmm, mmm ya mtu asiyesikiliza, kwa sababu macho yake yamerudi kwenye karatasi, na karatasi hazina huruma, tangu mwezi wa pili mauzo yameanguka nusu, nusu kamili, mtu yeyote mwenye macho anaona, na sababu pia inaonekana, barabara ya Iga Barrière ilifungwa kwa vita, watu wakakimbia, wateja thelathini na wanane wa Iga wakakatika kwa wiki moja, wale wateja wazuri, wake za wachimbaji, wenye kuchukua uniforme tatu na viatu juu yake bila kuuliza bei mara mbili, wote thelathini na wanane wako hapa kwenye karatasi ya kwanza, kila jina limepigwa mstari mwekundu, na mstari huo aliupiga yeye Marcellin kwa mkono wake siku ya Jumanne, kwa rula, vizuri, kama walivyofundishwa, na karatasi ya pili ina wateja wapya thelathini na wanne, wapya wa Saio, wapya wa Bigo, mitaa ya hapa Bunia, wanaonunua vitu vidogo vidogo, soksi leo, shati moja mwezi ujao, na malipo yenyewe ni ya mafungu, na mteja mpya kwa koperative ni nani? Ni mtu asiyejulikana, ni hatari, ndivyo fomu inavyosema, mteja wa chini ya mwaka mmoja ahesabiwe nusu, hivyo thelathini na wanne wanakuwa kumi na saba, na kumi na saba, hata ukiwaongeza wateja wa zamani wa Bunia wenye kuchukua moja moja, hawabebi mkopo wa dola elfu moja na mia tano, hawabebi hata elfu moja, hesabu imekwisha, Marcellin, unangoja nini? Anangoja nini kweli, na yule mama alishasema Jumanne, hakulia, alisema tu akiangalia dirisha, masomo yanafunguliwa wiki tatu zijazo, akipata mkopo anashusha mashati meupe na suruali za bleu kutoka Kampala, akikosa hana tena cha kupigia picha, "Nikikosa, chef, njo mwisho, nafunga groupe," na Marcellin alishangaa jinsi neno hilo la kufunga groupe lilivyomuuma, yeye ambaye amewafungia watu milango ya kweli, ya mbao na ya chuma, akarudi nyumbani akalala vizuri.

Halafu kuna Didier na kuku wake, ah, Didier, Mungu amsamehe na kuku wote wamsamehe, mwaka jana Didier aliketi kwenye kiti hiki hiki anachokalia mama Hélène, akacheka, akaeleza, akachora banda kwenye mgongo wa fomu, na Marcellin akaandika favorable, yaani ndiyo, kwa herufi kubwa, kuku mia tatu, na kufikia mwezi wa tatu walikuwa kuku kumi na moja na Didier yuko Beni hashiki simu, na tangu hapo Lambert hamwiti Marcellin kwa jina lake, anamwita Monsieur Favorable, mbele ya wateja, mbele ya mlinzi, "Monsieur Favorable, umekunywa chai?" na kila mtu anacheka, na Marcellin anacheka nao, lakini jana Lambert hakucheka, alifunga mlango akasema polepole, "Ya pili ikianguka, Marcellin, miye sitaweza kukutetea," na sasa hivi yuko nyuma ya ukuta huu wa triplex, mbao nyembamba zisizozuia sauti, anasikika akikohoa, anangoja avis kabla ya saa sita, na juu ya ukuta huo huo amebandika methali yake kwa karatasi ya plastiki, mali bila daftari hupotea bila habari, kana kwamba wao wote ni watoto wa darasa la kwanza, sawa, daftari liko, daftari linasema hapana, andika basi, mwanaume, shusha mkono, una mke, una kodi ya nyumba, una mama mzee anayekungoja umpelekee dawa ya presha, unamhurumia mtu wa telefone na nani atakuhurumia wewe? Lakini ule mfuko. Asingekuja na ule mfuko. Mama yake Marcellin alikimbia na mfuko kama huo huo, mistari ile ile, mwaka ule wa elfu mbili na tatu, wakaacha godoro, wakaacha redio, na ndani ya mfuko mama akatia karai la mandazi na mwiko wake, na baba, marehemu baba, akagomba katikati ya njia watu wote wakisikia, "Unabeba karai? Tutakaanga nini kule, tutakaanga risasi?" na mama akaupandisha mfuko kichwani akaendelea kutembea, na Marcellin mwenye miaka kumi na moja nyuma yake aliona haya, ndiyo, haya, mama za wenzake walibeba blanketi na mama yake alibeba karai... sasa hiyo inahusu nini, rudi kwenye karatasi, saa tano na nusu imepita.

"Hizi soksi usizikalie, chef, ni za Espoir," mama Hélène anasema bila kutoa kichwa, ingawa Marcellin hajakalia kitu, "Fiston anazipeleka mchana, Saio, mama yake ameniambia huit ans, ya miaka munane, na mwaka jana alikuwa anavaa six, ya miaka sita, ule mutoto anakomaa, wee! Utasema wanamwagilia maji," na Marcellin anaitikia mmm, na kalamu iko hewani, na neno linapita sikioni na kwenda zake kama maneno mengine ya mama huyu, halafu linarudi, linarudi lenyewe, linasimama mbele yake, mwaka jana? Mwaka jana gani? Mama Espoir wa Saio yuko kwenye karatasi ya pili, mteja mpya, ameanza mwezi wa tatu mwaka huu, Marcellin mwenyewe ameandika kando ya jina lake neno nouveau, sasa mama Hélène ameujulia wapi mguu wa mwaka jana wa mtoto wa mteja mpya, mtu hawezi kujua soksi ya mtoto ambaye hajamwona, ngoja, ngoja kwanza, kidole kinashuka kwenye karatasi ya pili, Mama Espoir Saio, uniforme moja, huit ans, soksi jozi mbili, namba ya simu inaishia na mia nne kumi na saba, na kidole kinahamia karatasi ya kwanza, kinapita juu ya mistari yake myekundu, Mama Arlette Iga, Mama Tina Iga, Mama Espoir Iga, uniforme tatu, moja ya six ans, namba ya simu inaishia na mia nne kumi na saba. Hapana, imetokea tu, akina mama Espoir wako wengi Ituri, kila tumbo lililokimbia limezaa Espoir, yaani Tumaini, tazama mwingine, Mama Orly Bigo, sifuri sita nane, haya, Mama Orly Iga, mstari mwekundu, sifuri sita nane, Mama Tina Saio, Mama Tina Iga, ile ile, Papa Liévin, ile ile, eeh, Papa Liévin amenunua suruali Iga na amenunua kandambili Bigo, na namba ni ile ile, namba iliyokaa safu ya mwisho kabisa, safu ambayo hakuna mtu wa koperative anayeisoma kwa sababu fomu haina mahali pa kuitia, fomu inataka avenue, inataka quartier, inataka territoire, inataka kujua mtu amelala wapi, haiulizi mtu anaitika wapi, na Marcellin, msomi, agent de crédit, afisa wa mikopo wa miaka sita, alichukua rula akawaua watu thelathini na wanane kwenye karatasi moja na kuwazaa upya kwenye karatasi ya pili, akawaita wageni.

Na mama huyu kwa nini hakusema? Kwa nini alikaa kimya Jumanne nzima? Hakukaa kimya, mjinga wewe, alijibu ulichomuuliza, ulimuuliza, "Mama, wateja wa Iga walipotea wote?" naye akainamisha macho akasema, "Iga ilipotea yote, chef," na wewe ukadhani ni haya ya mfanyabiashara aliyeshindwa, ukaandika perdus, wamepotea, kumbe mama alikuwa anaomboleza mji, alikuwa anaona nyumba, anaona soko, anaona kanisa, wateja wake wala hakuwafikiria kwamba wamepotea, watapoteaje na walimpigia njiani wakiwa na matope magotini, na majina yale mawili mawili, Mama Espoir Iga, Mama Espoir Saio, ni ya Fiston, si ya daftari, Fiston anataka kujua ageuze moto upande gani, basi mama anaandika jina na mahali, mtu akihama anaandika mahali papya kwenye mstari mpya, nani asiyefanya hivyo, hata telefone ya Marcellin mwenyewe ina Mama Nyumbani na Mama Hospitali na wote wawili ni mama yake mmoja... anahesabu, kidole huku, kidole kule, midomo inacheza, mlinzi akimwona atadhani anasali, ishirini, ishirini na sita, thelathini na mmoja, thelathini na mmoja kati ya thelathini na wanane, watatu tu ndio wapya kweli, na saba wa Iga hawako kwenye karatasi ya pili, saba hao Mungu awashike popote walipo, hataki kuwafikiria saba hao sasa, atawafikiria jioni, lakini thelathini na mmoja! Waliacha mashamba, waliacha mashimo ya dhahabu, waliacha mbuzi na milango na kufuli anazozipenda Lambert, na hawakumwacha muuza soksi. Duka gani la barabara kuu linaweza kusema hivyo? La Iga lenye mlango wa chuma lilikufa siku ile ile barabara ilipofungwa, mwenyewe alikimbia huku na wateja kule, hawakuonana tena, na hili lisilo na mlango liliondoka pamoja na watu wake, lilikuwa kwenye telefone zao, ndani ya mifuko, ndani ya sidiria za akina mama pamoja na feza na kitambulisho.

Na lile karai, sasa anajua kwa nini lile karai halikumwacha tangu asubuhi, kwa sababu hadithi yake hakuimaliza, yeye huwa anaishia pale pa haya, pale baba anapogomba, kumbe ina mwisho na mwisho wake ni mtamu, kambi ya kando ya uwanja wa ndege, plastiki nyeupe hadi upeo wa macho, siku ya tatu, mama aliazima unga kwa mwanamke wa mji wa Kilo asiyemjua, akaazima mafuta, akaweka mafiga matatu, akakaanga mandazi ya kwanza, kumi tu, meusi upande mmoja, na kabla hayajapoa akatokea mama mmoja na ndoo ya maji kichwani, akasimama, akanusa, akapiga kelele mpaka watu wakageuka, "Mama Marcellin! Kumbe uko hapa! Tangu juzi siye tunakutafuta!" na nyuma yake wengine wawili, wale wale wa mtaani, wale wale wa kila asubuhi, wakakaa chini kwenye vumbi wakala, hawakuwa na feza, walilipa wiki iliyofuata, walilipa wote, na mama alicheka huku anafuta machozi kwa mkono wenye unga, na baba alikula mandazi manne, na juu ya karai hakugomba tena mpaka anakufa, na karai lile lilimsomesha Marcellin, lilimlipia minerval, karo ya shule, miaka sita, lilimnunulia shati la kwanza la kazi, kisha yeye akaja kukaa nyuma ya meza hii na kama mama yake angeketi mbele yake na lile karai, angemwandikia nini? Angechukua rula. Wateja wote walipotea, mama, défavorable, nenda nyumbani. Anainamisha kichwa, anajifanya anasoma.

Sawa, lakini taratibu, Monsieur Favorable, usirukeruke, kuku wa Didier walikuwa na hadithi nzuri pia, hadithi hailipi mkopo, hesabu tena na uhesabu kama adui, thelathini na mmoja wanarudi kuwa wateja wa miaka mitatu, hakuna tena kuwagawa nusu, lakini wananunua kidogo, hilo ni kweli, mama Espoir aliyechukua tatu sasa anachukua moja, basi tuseme kila nyumba uniforme mbili tu, sitini na mbili, ongeza wateja wa Bunia wa tangu zamani, wako hamsini na kitu na hao hawajatikisika, moja moja tu, tunafika mia na kumi na zaidi kidogo, na ili mkopo urudi pamoja na riba yake anahitaji kuuza kama mia na kumi, inabana, inabana kama kiatu kipya, lakini mguu unaingia, na wakichelewa watalipa, maana hii safu hapa, ona, madeni ya Iga ya mwezi wa kwanza, yamelipwa yote mwezi wa nne, yamelipwa kutoka Saio, kutoka chini ya plastiki za wakimbizi, nani alimlazimisha mama Orly kulipa viatu alivyoviacha kwenye nyumba iliyoungua? Hakuna. Basi mkopo utoke mara mbili, nusu sasa, nusu ya pili mali ya kwanza ikishatoka, hivyo hata Lambert atapumua, na atamwekea Lambert karatasi mbili sambamba juu ya meza, amshike kidole chake mwenyewe, amtembeze kutoka namba hadi namba, wewe si unapenda kitu cha kushika, directeur, shika hiki, na Lambert atakohoa, atasema, "Tena, Monsieur Favorable?" na watu watacheka upande wa pili wa triplex, na yeye atasema ndiyo, tena, waache wacheke, jina la kuitwa halimuui mtu, na kama safari hii ataanguka, ataanguka akiwa amehesabu vizuri, si kama Jumanne, Jumanne alikuwa salama na alikuwa amekosea.

Nje moto zinapiga honi, Lambert anakohoa mara ya pili, saa ya ukutani haijafika saa sita, kalamu iko hewani pale pale juu ya kisanduku, na mama Hélène anatoa kichwa mfukoni, kitambaa cha kichwa kimemwendea upande, jasho puani, telefone mkononi. "Iko hapa! Ilijificha ndani ya kiatu, angalia ujanja wake. Sasa ona, chef, ona hizi shati, collar yake ni nzito, hailali," anasema na kuisukuma picha mbele ya macho yake, na Marcellin haangalii picha, anamwangalia yeye, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne anamwangalia kweli, na hofu iliyo nyuma ya yale maneno mengi anaiona sasa.

"Mama Hélène," anamwambia, "huyu Espoir, mwaka kesho atavaa ngapi?"

Mama anashangaa, hakutegemea swali hilo kutoka kwa mtu wa koperative, anaangalia soksi, anazipima kwa vidole vyake, anafikiri kwa makini kabisa kama mtu aliyeulizwa jambo zito.

"Mwaka kesho? Dix ans, chef, ya miaka kumi. Wakila vizuri, pengine douze, kumi na mbili. Weye unajua watoto, hawangojake vita iishe njo wakomae. Hapa Saio ao kwengine, mwezi wa tisa mama yake atanipigia tu."

Marcellin akashusha kalamu, akaanza na herufi f.